Redio Niliyompa Mama Badala ya Mdomo Wangu

Nimekosa, wenzangu, na sina wa kumsukumia kosa hili. Nilimdanganya mama yangu mzazi kwa sababu ya uvivu, kisha nikamdanganya tena kwa sababu ya woga, na huo uongo wa pili ndio unaonifanya nishike kalamu. Jina langu siliandiki. Wanaonifahamu hapa Mbeya watanitambua tu, na wanitambue.

Silii. Msisubiri machozi kwangu. Tangu mambo haya yatokee nimekuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi. Naugusa, najua ni wangu, lakini siusikii.

Mimi nauza vitambaa katika duka la Mhindi mjini. Kutwa nzima ni maneno: karibu mama, shika uone, hii haichuji, punguzo hakuna. Na mimi kwa maumbile si mtu wa watu! Tangu utoto nilipenda kukaa peke yangu, hata michezoni nilikuwa yule anayelinda nguo za wenzake. Si kiburi. Maneno yananichosha kuliko jembe. Jioni nikifika nyumbani nilitaka kitu kimoja, nyamazeni nile.

Baba alipofariki nilikwenda kijijini kwetu, kule milimani nje ya Iringa, nikamchukua mama. Mimi ni mtoto wake pekee, ningemwachia nani? Yeye hakutaka kuja. Alikuwa na mdogo wake, mama yangu mdogo, mjane kama yeye, mgonjwa wa kifua, wakiishi nyumba zinazotazamana na kuombana moto kila asubuhi. Mama hakutaka kumwacha.

Basi nikasimama mbele ya ndugu wote nikasema, "Mama, mavuno yakiisha nitakurudisha umwone mdogo wako." Kwa neno hilo akapanda gari. Mama mdogo alisimama njiani akikohoa, akapunga kitambaa mpaka tukakata kona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana dhambi yangu inaanzia hapa. Mama alijua Kihehe tu. Mke wangu ni Mnyakyusa, mtoto wetu Tumpe alikuwa bado wa mgongoni, majirani wote ni Wasafwa na Wanyakyusa. Mama na mke wangu walipendana sana, wakichambua mboga pamoja na kucheka kwa ishara za mikono, lakini kuongea hawakuweza. Mtaa mzima ule ulikuwa na mdomo mmoja tu wa kumjibu mama. Huo mdomo ni wangu, nami niliufunga!

Kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Ukisema "Kamwene" ndiyo kwanza umebisha hodi. Unauliza mlilalaje, unauliza nyumba, shamba, ng'ombe, wagonjwa, na wale mliowaacha nyumbani, na kila swali lina jibu lake. Mama alikaa kutwa nzima akiisubiri salamu hiyo. Mimi naingia, "Kamwene, mama," nanawa mikono.

"Watu wa dukani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na tajiri wako?"

"Mzima."

Anangoja nami nimuulize la kwake. Mimi namega ugali.

Ndipo nikapata redio. Niliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama, redio ya betri, na waya wake nikautundika kwenye mkaratusi ulio nyuma ya nyumba. Loo, niliipenda! Nyumba ilijaa mazungumzo na hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu. Watu walikuwa wengi ndani na mimi nilikuwa peke yangu. Ndicho nilichokuwa nikikitafuta maisha yangu yote.

Siku ya kwanza mtangazaji aliposema hamjambo, mama akaniuliza, "Huyu anasema nini?"

"Anatusalimu."

Mama akaweka bakuli chini. Akapiga goti kidogo kama anavyofanya mbele ya mgeni wa kiume, akajibu, "Kamwene." Akangoja. Bwana yule akaendelea na habari zake za bei ya kahawa.

"Amenisikia?" mama akauliza.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nilikuwa nimechoka. Nilijua nikisema hapana litafuata swali, na baada ya swali swali jingine.

"Amekusikia, mama."

"Anajua Kihehe?"

"Anajua lugha zote."

Ndivyo nilivyosema! Kwa ulimi huu huu.

Msimcheke mama yangu. Hakuwa mjinga. Kesho yake alinieleza mwenyewe, "Najua hayumo ndani ya hilo sanduku. Yuko mbali. Lakini kama sauti yake inafika huku, yangu itashindwaje kufika kule?" Nikamwambia ndivyo. Mpaka leo sijaona kosa katika fikira zake. Kosa lilikuwa kwa yule aliyemhakikishia.

Basi nikapata raha. Asubuhi nikitoka naiwasha, jioni nikirudi naikuta ikisema, nami nainamisha kichwa nasikiliza kama niko kanisani. Betri zikiisha nilinunua nyingine bila kunung'unika. Tena nilijisifu! Nilikuwa nawaambia wenzangu dukani, "Mama yangu hana upweke, nimemnunulia redio." Wakanisifu kwamba ndiyo kutunza mzazi.

Mavuno yakafika, yakapita. Mama hakunikumbusha ahadi. Nikasema moyoni, amesahau, amezoea mji. Neno hilo lilinifaa sana, maana safari ya Iringa ni watu, ni misiba ya kupitia, ni salamu nyumba kwa nyumba.

Mke wangu aliniambia. Siwezi kusema sikuambiwa.

"Baba Tumpe, mama anaongeaga na hiyo redio yako ukitoka."

"Anajifurahisha."

"Hapana, hajifurahishi. Anapigaga goti kabisa. Juzi nimemkuta analia. Mimi Kihehe sijui. Mwulize wewe."

"Nitamwuliza."

Nani alimwuliza? Hakuna!

Na mimi, Mhehe niliyelelewa na mama huyo huyo, nilipaswa kuelewa bila kuambiwa. Kwetu neno zito halibebwi na mwenye nalo. Mzazi hawezi kumwendea mwanawe mtu mzima aliyeahidi mbele za watu akamwambia, mbona hujatimiza. Hapo atakuwa amemwita mwongo usoni. Hutafutwa mtu wa kati, mtu ambaye yule mwana anamheshimu na kumsikiliza, akae naye amwambie kwa upole, na aibu isimpate yeyote. Nyumbani mama angemtuma mjomba, au mzee wa ukoo. Hapa Mbeya angemtuma nani? Alitazama huku na huku katika mji huu wa wageni, akamtafuta mtu ambaye yeye akisema, mwanawe hunyamaza na kumwinamia.

Jamani, alimpata.

Haya niliyajua siku alipokuja binamu yangu kutoka nyumbani. Alifika kwangu mchana, mke wangu yuko bustanini, mimi niko kazini. Akasikia ndani sauti ya mwanamume na sauti ya mama. Akadhani kuna mgeni mheshimiwa, akakaa nje kwenye kizingiti angoje wamalize, ndiyo adabu. Akawa anasikia yote. Kisha hakuingia. Akaondoka polepole, akaulizia duka, akanifuata.

Nilikuwa nampimia mama mmoja kitambaa cha gauni. Binamu akasimama kando mpaka nilipomtazama.

"Mama mdogo amefariki," akasema kwa Kihehe. "Tumeshamzika. Mvua ilikata barabara, tulishindwa kuwangoja."

Nikaendelea kupima. Nilikata kile kitambaa, nikakikunja, nikakifunga kwa karatasi, nikasema karibu tena. Hiyo ndiyo siku ganzi iliponiingia.

"Kuna jingine," binamu akasema. "Nimepita kwako. Ndani kuna bwana gani?"

"Hakuna bwana. Ni redio."

"Basi mama anaiambia redio, 'Bwana, wewe ndiye ambaye mwanangu humsikiliza. Mimi ananijibu neno moja moja, sijui nimemkosea nini. Usimwambie kwamba nimelalamika. Mwambie tu taratibu kwamba mavuno yameisha, na mdogo wangu ana kifua kibaya.' Amelirudia hilo mpaka mimi nikashindwa kukaa. Anaomba safari ya kumwona mtu ambaye tumeshamfukia!"

Nikamwomba tajiri ruhusa, tukatoka.

Tulikubaliana kama ilivyo desturi, mama asiambiwe msiba akiwa safarini. Jioni nikamwambia tu, "Mama, mdogo wako hali yake si nzuri. Kesho tunakwenda."

Nilitegemea hofu. Mama alipiga makofi! Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afe, halafu akageukia ile redio iliyokuwa imezimwa, akaipigia goti. Hakumshukuru yule bwana kwa sauti. Alidhani mimi sijui lolote, na hakutaka kunitia aibu. Mke wangu akachukua mtoto, akatoka nje.

Asubuhi tukapanda basi. Kulikuwa na baridi na ukungu mpaka tuliposhuka kwenye tambarare za Usangu, upande wa Rujewa, ndipo jua likatoka. Njia nzima mama aliongea. Aliongea nami, na mimi nilimjibu! Nilimwuliza alilalaje, nilimwuliza bustani, nikamwuliza mambo ya ujana wao na mdogo wake, walivyochota maji, walivyoolewa mwaka mmoja. Alinijibu yote akicheka. Binamu aliyekuwa kiti cha mbele hakugeuka hata mara moja.

"Unaona," mama akaniambia, "mtu mwema akisema neno lako mahali linapopaswa kusemwa, mambo hunyooka." Nikasema ndiyo, mama. Alikuwa amefunga kwenye kanga mchele wa kumpelekea mdogo wake, na akawa anaupapasa kila basi liliporuka.

Tulipoingia kijijini wanawake walitoka wakalia, na mama akajua kabla sijamshika mkono. Sitayaeleza ya kaburini. Nilikuwepo, niliona, na bado siwezi kusema nilihisi nini, kwa sababu sikuhisi.

Kesho yake asubuhi aliniita. Alikuwa amekaa mlangoni kwa marehemu, binamu na wazee wengine wakiwa karibu wanaota moto. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Mwanangu, nilimtuma mtu kwako," akasema. "Yule bwana wa kwenye redio. Nilimtuma zamani, mavuno yalipoisha tu. Naona alichelewa kukuambia."

Wenzangu, mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kusema, "Mama, hakusikii. Hajawahi kukusikia. Nilikudanganya ili nile kwa amani." Maneno machache hayo. Binamu alikuwa ananitazama, wazee walikuwa wananitazama. Nikawaza wataniitaje.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alichelewa."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Watu wakubwa wana shughuli nyingi," akasema. "Usimchukie."

Binamu alisimama akaenda zake. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na ana haki.

Mama hakurudi Mbeya. Amebaki kule, anaishi katika nyumba ya mdogo wake, na wanawake wa kwao wanamzunguka kutwa. Mimi naenda kila ninapopata nafasi. Nakaa naye, salamu tunaimaliza yote, hatuachi ng'ombe wala mgonjwa. Watu wakiniona wanasema mwana ndiye huyu! Na kila mara, mwisho wa salamu, mama huuliza, "Na yule bwana, hajambo?"

Nami hujibu, "Hajambo. Anakusalimu."

Nitamwambiaje sasa? Nikisema kweli, nitakuwa nimemnyang'anya hata huyo mmoja aliyemwamini hapa mjini. Nisiposema, nakula uongo wangu kila safari. Padri aliniambia nimweleze. Nimekwenda mara nyingi nikiwa nimeliandaa neno, na nimerudi nalo.

Ninyi mnaosoma, nawaonya. Wapole wenzangu hasa, mnaochoshwa na maneno ya watu. Kupenda kimya si dhambi, Mungu ndiye aliyetuumba hivyo. Lakini kimya chako usikinunue kwa kumpa mzazi kitu cha kumsemesha. Nasikia Ulaya wana redio zenye picha, na mtu mmoja dukani aliapa kwamba ziko njiani zitakazokujibu ukiziuliza, kwa lugha yoyote. Labda ni porojo. Zikija, wengi mtafurahi kama nilivyofurahi mimi, na mtaziacha mezani kwa mama zenu mwende zenu.

Nawaomba, siku hiyo mama akikuuliza, "Huyu ananisikia?", meza tonge lako kwanza. Kisha mwambie, "Hapana, mama. Ninayekusikia ni mimi. Sema."