Marehemu wa Sura ya Nne

Jaffar wa Barawa alikufa siku ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, mbele ya watoto wa kambi ya wakimbizi ya Utange waliokuwa wamejipanga kwenye jamvi wakimung'unya mabuyu. Aliyemuua ni Mwalimu Mwarandu wa Kisauni, mtu asiyeweza kuchinja hata kuku wa mkewe. Alimuua kwa kalamu, katika sura ya nne.

Barke, mkewe Jaffar, hakuwapo. Alikuwa sokoni Kongowea akichagua nyuzi.

Barke alikuwa mshona kofia, kazi aliyofunzwa na mamake kwao Barawa, ng'ambo ya mpaka. Vita vilipoingia mji ule mwaka wa tisini na moja, Jaffar alimpakia kwenye chombo cha mizigo kilichokuwa kimeshajaa watu hadi pomoni, akamwambia, "Nakwenda kumchukua mama. Ningoje." Barke alingoja, nahodha hakungoja. Tangu siku ile, kila mgeni aliyeingia kambini aliulizwa na Barke kama amemwona mwanamume mrefu, mwenye kovu kidevuni. Hakuna aliyesema amemwona, wala aliyesema amemzika. Barke alikuwa akiishi papo hapo katikati, mwaka wa pili sasa.

Mwarandu alifundisha watoto wa kambi. Alikuwa amewahi kutoa kitabu kimoja, cha sungura, kilichojaa mafunzo mpaka sungura mwenyewe akaonekana kuchoka. Aliposikia kisa cha Barke, macho yakamng'aa. Alimwomba ruhusa akiandike kiwe riwaya ya watoto. Barke akamsimulia huku akishona, na hakumficha kitu. Mwarandu naye, kabla ya kupeleka kazi kwa wachapishaji, akaona awasomee watoto kwanza.

Siku hiyo ya sura ya nne, watoto walirudi mahemani mwao mbio. Binti wa Tumu, jirani yake Barke, ndiye aliyefika wa kwanza.

"Mama! Mumewe Bi Barke kapigwa risasi!"

"Kasema nani?"

"Mwalimu. Kasoma kitabuni!"

Kwa Tumu hilo lilitosha. Maisha yake yote, mwalimu akifungua kitabu akasoma, watu huitikia amina. Alijifunga kanga kiunoni akapita hema kwa hema. Barke aliporudi na nyuzi zake alikuta ubani unafuka, masufuria ya wali yako motoni, na wanawake wamejaa mlangoni pake.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Kaa kitako, mwanangu," Tumu alisema, akimvua bangili. "Futa na wanja huo. Umeingia edani."

"Edani? Eda ya nani?"

"Maskini, hataki kukubali," mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika Bamburi.

Barke alikaa chini mchangani, nyuzi zikamwagika. Hakulia. Alikuwa akijaribu kukumbuka sauti ya Jaffar, na haikuja.

Maalim Ghalib, aliyeitwa kusoma hitima, alifika akakohoa mara moja kuomba kimya. "Nani aliyeleta habari? Aliiona maiti?"

"Mwalimu Mwarandu," Tumu akajibu. "Kaandika kabisa."

"Mwarandu amefika lini Barawa? Yule hata feri ya Likoni humpa kichefuchefu!"

Binti wa Tumu alitazamwa na kila mtu, naye akajificha nyuma ya sufuria.

"Hakuna eda," Maalim alisema. "Lakini wali umeshaiva, na kuumwaga ni dhambi."

Wakala. Barke hakuonja. Alisimama, akajitanda buibui, akaenda kwa miguu hadi Kisauni.

Alimkuta Mwarandu barazani akinoa sura ya tano.

"Mfufue," Barke alimwambia, bila hodi.

"Bi Barke, karibu. Ile ni fasihi tu. Kitabu cha vita kisicho na maiti, nani atakichapisha? Watoto lazima waguswe."

"Una mke, mwalimu?"

"Ninaye. Anaitwa Kafedha."

"Muue yeye, basi. Watoto wataguswa."

Kafedha alisikia yote kutoka jikoni. "Niue, Mwarandu!" akapaza sauti. "Niue, kisha tuone huyo maiti atakupikia nini usiku huu!"

Mwarandu alikuna kichwa. Alieleza habari ya kilele cha hadithi, akaeleza habari ya machozi, na Barke akamtazama tu, kama anayesubiri mvua ipite. Mwishoni mwalimu alikata ukurasa mzima. Akaandika kwamba Jaffar alifika kwa mama yake, akambeba mgongoni, akatoka naye kwa mlango wa nyuma.

"Soma," Barke akasema.

Akasoma.

"Wakatoka wakaenda wapi?"

"Hatujui. Wako njiani."

"Njiani wapi? Mama mkwe ni mtu mzima, hawezi kulala njiani." Barke aliketi kwenye ngazi ya baraza. "Waandike Merka. Jaffar ana shangazi kule, nyumba yake ina kisima."

"Nani aliyekwambia wako Merka?"

"Hapana aliyeniambia." Alivuta ukaya wa buibui lake, kile kitambaa cha kichwani, akaushika vizuri. "Andika, mwalimu."

Mwarandu akaandika.