Udongo Uliobaki Mtungini

Nina tabia moja mbaya: nikichoka, naamini karatasi kuliko macho yangu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na kutoka Tuwan, Kitale, ninakokaa, hadi bwawa lile la wakulima upande wa Sirisia, ni safari ya kukatisha tamaa. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza tuta lake la udongo, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kububujika chini yake, upande wa bondeni.

Tuta la udongo kuvuja si jambo geni. La muhimu ni rangi ya maji. Yakitoka maangavu, yanapita tu. Yakitoka na matope, ujue yanalila tuta kwa ndani.

Sikutaka kurudi kila siku. Kwa hiyo nilimwachia mama mmoja mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya bwawa, chupa saba tupu. Ajaze moja kila asubuhi kutoka pale maji yanapotokea. Nilimweleza wazi kwamba tuta likibomoka, yeye ndiye atakayeondoka nalo. Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia chai.

Wiki ilipoisha nilikuta chupa zote saba zimepangwa kwenye benchi, maji maangavu ajabu. Nilifurahi kama mjinga. Nikaandika palepale ripoti ya kamati ya bwawa: tuta ni salama, watu wakae. Nikatia sahihi.

Hata hivyo kuna mambo hayakunikaa vizuri. Ng'ombe wa yule mama walikuwa wameacha kupita juu ya tuta; walizunguka mbali matopeni, bila kuswagwa na mtu. Vyura walikuwa kimya, na mvua yote ile. Nilipolaza kiganja kwenye nyasi, nikahisi ardhi ikitetemeka kidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Niliogopa, kisha nikajiambia ni uchovu.

Mvua ikanikimbiza ndani ya nyumba yake. Kuta zilikuwa zimekandikwa upya, laini, rangi ya kijivu. Udongo wa kijiji kile ni mwekundu. Viatu vyangu vilikuwa ushahidi. Kijivu kile nilikifahamu. Ni udongo wa mfinyanzi ulioletwa kwa malori kutoka mbali, ukashindiliwa katikati ya tuta ili uzuie maji. Nikamuuliza aliutoa wapi.

"Ni ile inabaki chini ya mtungi," alisema. "Nikiteka maji naacha itulie kwanza. Hiyo udongo nakandika nayo nyumba."

"Na hizi chupa, mama?"

"Niliweka maji ya juu, injinia. Si wewe ni mgeni? Maji ya matope nitakupea aje?"

Nilizitazama kuta zote nne. Asubuhi baada ya asubuhi tuta lilikuwa likihamia nyumbani kwake, naye akililainisha kwa viganja. Nilijionea aibu. Kumwambia kwamba ndani ya chupa zile nilikuwa nikitafuta matope ni jambo ambalo halikunijia hata kidogo.

Nilichana ripoti, nikampigia simu mwenyekiti wa kamati. Bomba la kupunguza maji likafunguliwa lote, na mama akahamia kwa dada yake Mabanga pamoja na ng'ombe, akinung'unika kwamba nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imependeza.

Siku ya tatu, mchana, bwawa likiwa limebaki na maji kidogo, tuta lilididimia mbele ya macho yetu bila kishindo. Ndani yake kulikuwa na shimo la kutosha mtu kutambaa. Maji yaliyobaki yalifika mlangoni kwa yule mama, yakaishia hapo.

Alirudi, na siku hizi anateka kisimani. Majuzi nilipita kumsalimu, akaniletea maji ya kunywa, maangavu kabisa. Kisha nikamwomba, kabla sijanywa, anionyeshe kwanza ndani ya mtungi.