Barabara ya Ishirini na Tatu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ibra, huko Omani, barabara ya kwenda Sur tuliiita kwa namba yake tu: Ishirini na Tatu. Ilikuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati mstari uliofutwa na mchanga. Lori likitujia kwa mbele, gari yetu ilitikisika hata chupa ya chai ikamgonga mama magotini. Hapakuwa na mtaa usio na nyumba iliyofiwa na mtu kwenye barabara ile.

Kila sikukuu tulikwenda Sur kwa mama mdogo. Asubuhi mama alifunga mkate wa kumimina na mayai ya kuchemsha, akatufukiza udi, akatupanga nyuma sote watano. Gari ikiondoka tu alianza Ayatul Kursiyyu, nasi tukaifuatisha, miguu imetuganda kwenye viti vya plastiki kwa jasho. Mikanda hatukuijua. Watoto wa leo wakikosa chaja garini husema wameteseka.

Mama alizaliwa Unguja, na njia ya jangwani hakuizoea. Baba alikuwa akimcheka. "Wewe, Zuwena, ukiona ngamia tu unatoa shahada."

Mwaka mmoja, mimi nikiwa na miaka tisa, tulikuwa tumeshaipita Bidiya, mchana, upepo ukaja. Mchanga ukapanda ukaifunika lami. Mara hatukuiona hata pua ya gari. Baba akasogea pembeni, akasimama, akawasha taa.

"Tutulie humu mpaka upite," alisema.

"Mie siketi humu," mama akajibu. "Teremkeni, wanangu."

"Una wazimu? Uwatoe watoto kwenye mchanga huu?"

"Teremka na wewe, Saidi! Sisi hatuoni, na anayekuja nyuma yetu haoni!"

Sikuwahi kumsikia mama akimpandishia baba sauti. Alitushikisha buibui lake, akatuvuta mbali na lami, mchanga ukituchoma machoni kama pilipili. Tukajikunyata nyuma ya tuta. Baba alibaki kwenye usukani. Mama akamwita, akamwita, mpaka sauti ikamkauka. Mwisho baba akatokea akipapasa, ananung'unika.

Hajakaa chini, tukasikia honi ndefu, kisha mshindo. Baada ya hapo upepo tu. Nilijikojolea; leo ndiyo mara ya kwanza kukiri.

Upepo ulipopungua tuliona lori limeipanda gari yetu kwa nyuma. Kiti tulichokalia sisi watoto hakikuwepo tena. Dereva wa lori alikuwa kajikalia chini, anauliza kwa Kiarabu cha kubabaika, "Watoto wangapi? Walikuwemo watoto wangapi?"

Mama akatusogeza mbele yake. "Hawa hapa. Wahesabu."

Baba akageuka upande wa pili, mabega yakimcheza. Tokea siku ile hakumcheka tena. Mama akisema "punguza", alipunguza.

Sasa barabara ni pana, njia mbili kila upande na vyuma katikati. Vijana wetu hata namba yake hawaijui. Simu ndiyo inayowaambia wapinde wapi. Mwanangu wa kwanza anafanya kazi Sur. Kila Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ikianza, huondoka na mkono mmoja kwenye usukani, wa pili una kikombe cha kahawa. "Mama, njia imenyooka, unaogopa nini?" ananiambia, na huenda ana haki.

Mama yangu hayupo tena. Mimi hukaa jikoni na simu mbele yangu, siwashi jiko, sifagii, mpaka aandike kuwa amefika. Mara nyingine yeye husahau. Zamani tuliogopa sote pamoja, tumebanana ndani ya gari moja. Siku hizi naogopa peke yangu.