Debe la Kwanza ni la Kuku

Miaka hiyo nilikuwa fundi katika karakana moja ya Mpanda mjini. Ufundi sikuusomea, niliupata kwenye vitabu vikuukuu na kwa kufungua mashine. Kwa hiyo nilipotumwa kupima mashine mbili za kukoboa mpunga, katika vijiji viwili vya upande wa Kakese, nilijivuna. Injini mpya ilikuwa moja tu. Mashine itakayoshinda ingefungiwa injini hiyo. Itakayoshindwa ingeng'olewa iwe vipuri.

Niliandika utaratibu kwenye kadi. Mendeshaji akiomba mashine ipashwe moto kwanza, tupashe. Akiomba tupime madebe kadhaa, tupime. Asipoomba kitu, tupime debe moja, la kwanza, mashine ikiwa baridi. Niliona hiyo ndiyo haki: simwamulii mtu, wala simpotezei mpunga. Kadi yenyewe ilikaa mfukoni mwangu.

Mendeshaji wa kijiji cha kwanza alikuwa msemaji. "Fundi, acha ichemke! Wewe mwenyewe asubuhi unakimbia kabla ya uji?" Tukacheka. Ikachemka, tukapima madebe matatu.

Katika kijiji cha pili mashine ilikuwa mikononi mwa mama mmoja mjane, aliyechaguliwa na wanawake wenzake. Alinipangusia benchi. Nilipotoa saa hakuomba kitu, akamimina mpunga. Mkanda uliteleza, mpunga ukakwama mara mbili. Nikaandika dakika na sekunde za debe hilo moja, nikatia saini.

"Asante kwa kuja, baba," alisema.

Baada ya mavuno yaliyofuata nilipita tena kijijini kwake kutengeneza pampu. Nilisikia michi kabla sijaona nyumba. Alikuwa anatwanga na mwenzake, kitambaa kimefungwa kiganjani.

Nikamuuliza kama mashine yake ilikuwa na tabia ya kukwama.

"Kila asubuhi. Debe la kwanza lilikuwa linatoka chenga tupu, hilo la kuku. La pili ndiyo mchele. Hapa kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mgeni amekuja na saa yake, nimfundishe kupima? Ungeuliza, ningekujibu."

Mwenzake akadakia bila kuacha kutwanga, "Mwache! Nyie mafundi mnapima chakula cha kuku, halafu mnasema watu hawana mchele!"

Walicheka wote wawili. Mimi nilitazama kile kitambaa.

Niliporudi mjini niliandika kadi upya: mendeshaji asiposema kitu, debe la kwanza lisihesabiwe, yapimwe matatu yanayofuata. Karakana nzima waliisifu, wakaitumia miaka mingi. Waliponiuliza nilikoipata akili hiyo, nilisema kitabuni.

Mashine ya yule mama haikuwapo tena. Chujio lake nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii, kwenye mashine ya kijiji cha kwanza.