Ilani Iliyokosekana Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinipa funguo mbili na kikopo cha pini. Alikuwa Mgoa wa makamo, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Akaniuliza nimesomea wapi kupiga taipu. Nikamwambia ukweli: nilichora vitufe vyote kwenye ubao wa kusukumia unga, nikawa napiga vidole pale kila jioni kwa muda wa mwaka mzima. Taipureta yenyewe nilikuwa nimeiona mara mbili tu.

"Basi kijana, hapa hatutafuti mtu mwerevu," alisema. "Tunatafuta mtu wa kufuata sheria. Ubao ule wa matangazo wa nje ni wako. Pini ni zako."

Ilikuwa ofisi ya mji wa Nakuru, miaka ya hamsini, wakati wa ile Hali ya Hatari, na mimi nilikuwa kijana mwenye hofu nyingi. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Barua moja niliisoma mara tatu kabla ya kuitia sahihi, kisha nikarudi njiani kuhakikisha nimeifunga bahasha. Nawaambia haya nyinyi mnaofanya kazi za ofisi sasa kwa sababu kosa nililofanya lilitokana na hofu hiyo hiyo. Halikutokana na uvivu.

Nilipewa dawati la leseni za pombe. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa bia ya chupa. Alikunywa pombe ya kienyeji katika kilabu kilichosimamiwa na mji, basi. Sheria ilikuwa imelegezwa juzijuzi tu, na wenye maduka na hoteli katika mitaa ya Waafrika walianza kuleta maombi. Mwombaji alijaza fomu, akaambatisha ramani ya nyumba ikionyesha milango, jikoni na vyoo. Mkaguzi wa Afya alienda kuangalia sakafu, maji, na mahali pa kuoshea glasi. Halafu kazi ikaja kwangu: ilani.

Ilani ni karatasi moja inayowaambia watu kwamba fulani, katika ploti fulani, anaomba kuuza pombe, na mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Ilipaswa kukaa ubaoni siku ishirini na moja mfululizo, usiku na mchana, Jumapili ikiwemo. Zikiisha, karani alitia sahihi cheti cha kuthibitisha kwamba haikuondolewa. Baada ya hapo maombi yalipelekwa mbele ya korti ya leseni, iliyoketi mara mbili tu kwa mwaka. Ukikosa kikao kimoja, unangoja miezi sita.

Bwana Wekesa aliingia ofisini kwetu amevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Alikuwa amehudumu miaka kumi na mitano kwenye behewa la chakula katika treni ya kwenda Kampala. Sasa alikuwa amekodi nyumba katika mtaa wa Bondeni na kufungua hoteli ya chai, wali na nyama, na alitaka kumuuzia mtu chupa moja au mbili za bia pamoja na chakula chake. Mkaguzi wa Afya alimtaka amwage saruji sakafuni na ajenge choo cha pili, cha wanawake. Alifanya yote mawili kwa mikono yake. Lakini mwenye nyumba alikuwa amemwambia wazi: leseni ikikosekana kikao hiki, nyumba anapewa mtu mwingine.

"Karani," aliniambia akinikabidhi ramani, "mimi najua kungoja. Lakini nyumba haingoji."

Nilibandika ilani yake pamoja na nyingine saba. Zilikuwa zimenyooka mstari mmoja, pini nne kila karatasi. Niliwahi kuzipima kwa rula.

Ubao wetu ulisimama karibu na lango, kando ya barabara. Jumamosi ya wiki ya tatu, mvua ikiwa imenyesha, lori la viazi kutoka Molo lilipita katika dimbwi na kurusha matope. Ilani ya Wekesa ikapata matone matatu. Hayakufunika hata herufi moja. Mtu yeyote angeisoma bila shida. Mimi sikuweza kuyavumilia yale matone. Niliyaona kila nilipoinua macho dirishani.

Saa saba kasorobo nikaibandua ili nipige nyingine upesi. Nikakosea ploti. Nikaanza upya, nikakosea tena, kwa sababu ya haraka. Saa saba kamili Karani Mkuu alifunika taipureta kwa kitambaa chake, akafunga mlango kama kila Jumamosi.

Hapo ningeweza kuirudisha ile ya matope. Nilikuwa nayo mkononi. Nilisimama mbele ya ubao, nikaona nafasi tupu katikati ya mstari wangu, nikaona aibu kuijaza na karatasi chafu. Nikajiambia hakuna anayesoma ilani Jumapili. Nikaenda nayo nyumbani. Jumatatu alfajiri nilimngoja bawabu afungue, nikapiga ilani mpya, safi kabisa, nikaibandika kabla ya wengine kufika. Siku ishirini na moja zilipokwisha nilitia sahihi cheti. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Siku ya korti ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana DC, na pembeni yake waliketi wajumbe watatu. Mkaguzi wa Afya alisoma ripoti: sakafu nzuri, vyoo viwili, maji ya mfereji. Wekesa alisimama na koti lake jeupe, mikono nyuma kama anangoja mtu aagize.

"Iko mtu napinga?" DC aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Nipo mimi, bwana," ilisema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Mzee Salim, ambaye nyumba yake ilitazamana na hoteli ya Wekesa. Karani Mkuu alisema siku za pingamizi zilikuwa zimekwisha.

"Najua," mzee akasema. "Nilikuwa Ravine, tukimzika dada yangu. Nilirudi Jumamosi jioni nikasikia jirani anaomba ruhusa ya kuuza pombe. Jumapili baada ya adhuhuri nikaenda mwenyewe ubaoni. Karatasi zilikuwa saba. Ya Bwana Wekesa haikuwepo. Nikasema basi, ameacha, nikarudi nyumbani."

"Pengine macho, mzee," mjumbe mmoja alisema. Watu wakacheka. Kijana mmoja akatupa neno kutoka dirishani: "Mkopesheni miwani."

Mzee Salim hakugeuka. "Macho haya yanasoma msahafu kila alfajiri bila miwani. Nikisema saba, ni saba."

DC aliinua cheti changu. "Hapa karani naandika karatasi ilikaa siku yote." Akanitazama. "Karani, ilikaa?"

Karani Mkuu alinitazama pia, na nilielewa macho yake: sema ndiyo, tuendelee. Wekesa alinitazama kwa utulivu wa mtu asiye na wasiwasi, aliniamini. Neno moja lilitosha kumpa leseni. Neno hilo hilo lingemfanya Mzee Salim mwongo mbele ya mji wake, na jina hilo lingemfuata maisha yake yote.

"Haikukaa, bwana," nilisema. "Niliiondoa Jumamosi, nikairudisha Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na matope."

Hakuna aliyecheka. DC aliandika kidogo, kisha akaamua: ilani ni batili, maombi yarudi kikao kijacho.

Nje, Wekesa alinikuta kando ya ukuta. Hakupaza sauti.

"Karani, miaka kumi na mitano nimewapelekea wazungu bia ndani ya treni inayotikisika. Sijamwaga glasi hata moja. Wewe umeimwaga yangu ikiwa tayari mezani."

"Nisamehe, bwana."

"Ungeacha matope. Nani alikuuliza habari ya matope?"

Mzee Salim alitufikia akitembea polepole. "Umenitoa aibu, mwanangu," aliniambia, kisha akamgeukia Wekesa. "Na wewe jirani, usidhani nilikuja kukunyima riziki. Nilitaka kuomba jambo moja tu. Mlango wako unatazama ua ambapo binti zangu wanapika. Nilitaka ugeuzwe, uelekee upande wa reli."

"Mlango?" alisema Wekesa. "Mzee, mlango ningeugeuza hata leo. Seremala ni shemeji yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Karatasi ingekaa ubaoni na matope yake, mzee angeisoma Jumapili, angeandika pingamizi lake Jumatatu, na korti ingemaliza shauri kwa dakika kumi. Kila mmoja angepata alichotaka.

Mwenye nyumba hakungoja. Mfanyabiashara mwingine aliichukua, na kikao kilichofuata kikampa leseni kwa sharti la kuugeuza mlango. Zilitumika dakika kumi, kama nilivyodhani. Wekesa hakuwepo.

Karani Mkuu hakunifukuza. "Umesema kweli, lakini umechelewa siku ishirini na tano," aliniambia. "Ungekuja kwangu Jumatatu ile, tungeanza kuhesabu upya na bado tungewahi kikao." Akanihamishia leseni za mbwa na baiskeli. Niligonga vibati vya namba za baiskeli miaka miwili, na sijui kama nilijifunza zaidi wakati mwingine wowote.

Kisha nikapelekwa Molo, kuwa karani wa ofisi ndogo ya huko. Wiki ya pili niliingia katika hoteli moja karibu na stesheni kutafuta kitu cha moto, maana baridi ya Molo haina huruma. Mwenye kuleta chai alivaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Tulitambuana.

"Bado unafuta matope?" aliuliza.

"Sijafuta tena."

"Basi nina fomu ya kukuletea. Hoteli hii ni yangu."

Nilibandika ilani yake siku iliyofuata. Siku ya nne ukungu uliilowesha, wino ukachuruzika. Siku ya tisa upepo ulichana pembe moja. Nilipita mbele yake asubuhi na jioni, mikono mifukoni, nikiumia kama mtu mwenye jino bovu. Wekesa naye alikuja kila jioni, akaisoma yote kuanzia juu hadi chini, akaenda zake. Siku ya ishirini na moja ilikuwa imekunjamana kama jani la tumbaku, lakini ilikuwepo. Hakuna aliyepinga. Korti ilimpa leseni.

Nilimpelekea leseni mwenyewe, na pamoja nayo ile ilani ya Nakuru yenye matone matatu. Nilikuwa nimeiweka chini ya godoro miaka yote hiyo. Aliigeuza mbele na nyuma, kisha akaibandika ukutani kando ya leseni, kwa pini moja, imekaa upande.

Siwezi kusema tulikuwa marafiki. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuuliza. Ila nilipokaribia kustaafu, baada ya kuhudumia mabaraza mengi na wakubwa wengi, walioniandalia chai ya kuniaga waliniuliza siri ya kazi safi. Nikawajibu kwamba kazi safi haikunishinda kamwe. Kilichonishinda ni kwenda kwa mkubwa wangu Jumatatu na kusema nimekosea. Walicheka, wakadhani ni mzaha wa mzee.

Wiki hiyo nilisafiri hadi Molo. Hoteli inaendeshwa na binti yake Wekesa sasa. Nililetewa chai na viazi, nikaketi pale ninapoketi siku zote, nikitazama ukuta. Karatasi imegeuka njano, na ile pini moja bado imeishika upande. Binti alinikuta nikiitazama, akauliza kama ainyooshe.

"Iache," nilimwambia. "Inasomeka."