Kiti cha Mkwe Kwenye Pikapu

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku ambayo mtaa wetu wa Kanyenye ulijaa honi utadhani bwana harusi anapita. Nilitoka nje na mwiko mkononi. Mume wangu Rajabu alikuwa juu kabisa, ndani ya pikapu kubwa ya Kimarekani, kaegemeza kiwiko dirishani, anacheka peke yake. Alikuwa seremala, na tangu tuoane sikuwahi kumwona na furaha kiasi kile, hata siku ya harusi yetu wenyewe.

Nakusimulia haya, wewe ambaye sikukuzaa lakini ni mwanangu, kwa sababu jana umenionyesha picha za magari mawili kwenye simu yako, moja la wastani na moja kubwa, ukaniuliza lipi litamfaa mkeo na watoto. Nilicheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau hata kidogo, ila ulinirudisha mbali.

Pikapu ile haikuwa yetu bado. Kulikuwa na mradi uliofunga shughuli zake, na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini akanunua magari yao mawili. Lile kubwa lilikuwa na milango miwili na kiti kimoja kirefu mbele, na nyuma bodi ndefu ambayo kabati zima la nguo lingelala likatosha. La pili lilikuwa la wastani, dabo kebini, yaani milango minne, viti viwili vilivyoachana mbele, kiti kingine nyuma yake, halafu bodi fupi. Rajabu alikuwa amemtengenezea yule bwana milango na vitanda vya nyumba nzima, wakaaminiana, akaruhusiwa achukue analotaka akalijaribu. Hilo la wastani hakuligusa hata tairi.

"Mama Zuhura, panda uone," aliniambia. "Sisi ni watu wa misafara. Mizigo mikubwa iko kwenye damu."

"Misafara ipi?" nikamwuliza. "Babu zako walikuja hapa wanatembea mikono mitupu. Waliobeba mizigo ni Wanyamwezi, babu zangu mimi."

Majirani wakacheka, naye akacheka, lakini nikapanda. Nitakuwa mwongo nikisema halikunipendeza. Ukikaa mle unaiona Kanyenye nzima kutoka juu, mabati na kila kilichoanikwa uani kwa watu. Kufikia alasiri wenzake wa kwenye karakana walikuwa wameshampa hongera, na mmoja alishaanza kumwita Meneja. Mwanamume akishapewa cheo na wenzake, mwanangu, kukirudisha ni kazi.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Mama yangu, ambaye sisi tulimwita Mayu, alikuwa anaishi kijijini mbele ya Isikizya, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa hatofautishi mtu na nguzo. Zuhura, mwanangu wa pekee wakati huo, alikuwa anatembea na kusema, na Mayu hajawahi kuiona sura yake. Alimjua kwa kumpapasa. Nilipokuwa nikimwona anapitisha vidole kwenye pua ya mtoto, anauliza kama imefanana na ya marehemu baba, nilikuwa natoka nje nalia.

Wiki ile madaktari wa macho walikuwa wamekuja Tabora, na walikuwa karibu kumaliza. Lakini mabasi ya abiria Mayu hakuyataka. Safari moja alisukumwa mlangoni akaangukia vikapu vya watu, akaapa kwamba hapandi tena, na Mayu akiapa ameapa. Kwa hiyo nilimwambia mume wangu kabla hajatoa kitu mfukoni: "Hili gari ni la familia, siyo? Basi kesho twende nalo kumchukua Mayu. Likimleta mjini, lichukue, na mimi nitakupigia vigelegele."

Akakubali mara moja. Tena alifurahi, alitaka wakwe zake waone.

Asubuhi tukaondoka. Barabarani lile gari lilikwenda vizuri, sitalisingizia. Shida ilianza tulipoiacha barabara kuu tukaingia njia ya nyumbani. Unaijua ile njia. Pande zote mbili ni uzio wa minyaa, uliopandwa na wazee kwa upana wa ng'ombe kupita. Rajabu akaingiza pua ya gari, mara minyaa ikaanza kukatika kulia na kushoto, na ule utomvu wake mweupe ukachuruzika kwenye vioo na kurukia nyuma kwenye bodi.

"Pandisha kioo!" nikapiga kelele. "Ukikuingia machoni huo utaungana na Mayu!"

Mwenye uzio akatoka, akasimama anatuangalia tunavyomvunjia boma lake. Kama si kwamba alinijua tangu nikiwa mdogo, sijui angesema nini. Tukafika uani, na hapo ndipo tukagundua kwamba hakuna pa kugeuzia. Gari lilikuwa limeujaza ua, kuku wote wamekimbilia jikoni.

Mayu alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani, mkoba uko mapajani. Nilipiga magoti nikamwamkia, na Rajabu akamwamkia kwa mbali, uso chini, amesimama upande wa pili wa gari. Kwetu Unyamwezini mama na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakalii kitu kimoja. Rajabu ni mtoto wa mjini, kwao mambo haya hawayashiki kwa nguvu hivyo, lakini alikuwa ameyajua na kuyakubali tangu siku ya posa. Tatizo ni kwamba tangu aingie kwenye gari lile alikuwa hafikirii kitu kingine isipokuwa gari.

Nikamwekea Mayu kigoda chake mlangoni apate kupanda. Hakikusaidia, gari lilikuwa juu mno. Tukamnyanyua mimi na mama mmoja jirani, akaingia, akashusha pumzi. Kisha akaanza kupapasa. Alipapasa dashibodi, akapapasa mlango, akapapasa kiti. Mkono ukaenda, ukaenda, kiti hakiishi, mpaka ukagusa koti.

"Hili koti la nani?"

"La mwenzangu."

"Na kiti chake kiko wapi?"

"Ni hicho hicho, Mayu. Ni kirefu, kinatutosha sote."

Akapapasa tena kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, akauvuta mkono wake na kuuficha ndani ya kitenge.

"Hiki ni kitanda," akasema. "Umenileta nikae kitanda kimoja na mkwe wangu?"

"Mayu, mimi nitakaa katikati yenu."

"Hata ukiweka gunia la mpunga katikati, kitanda ni kitanda. Nishusheni."

Tukamshusha. Rajabu, maskini, kule alikosimama alikuwa amesikia kila neno, na alitamani ardhi ipasuke. Akaniita pembeni akaninong'oneza kwamba tungeweza kutandika godoro nyuma kwenye bodi, Mayu akalala raha mustarehe. Nikampelekea ujumbe, maana ndivyo walivyokuwa wakizungumza wale wawili, kupitia kwangu. Mayu akacheka kicheko ambacho sikukipenda.

"Mwambie mwenzio namshukuru. Lakini mimi si mahindi. Na huko nyuma si ndiko kunakodondoka minyaa? Naenda kutibiwa macho au kuyamalizia?"

Kisha akageukia upande ambao hakukuwa na mtu, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nendeni tu wanangu. Nimeshazoea giza."

Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Nilikuwa na hasira, mwanangu, sitakuficha. Niliukasirikia msimamo wake, nikalikasirikia gari, nikamkasirikia na Rajabu, ingawa yeye alinuia mema tupu. Tulitoka mle ndani kinyumenyume, minyaa inatukwangua tena. Nilikuwa nahesabu kichwani: kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa.

Tulipofika Isikizya akasimamisha gari kando ya barabara. Akashika usukani kwa mikono yote miwili, akawa anakitazama kile kiti.

"Nilipima kabati," akasema. "Nikapima vitanda, nikapima mbao. Mama yako sikumpima."

"Na wenzako karakana?"

"Wataniita jina lingine. Funga mkanda, tunakwenda kubadilisha."

Mwanangu, nimeishi na yule mwanamume mpaka Mungu alipomchukua, lakini ukiniuliza ni lini nilijua hasa nimeolewa na nani, nitakuambia ni pale Isikizya, kando ya barabara, yeye anafuta utomvu wa minyaa kwenye kioo cha gari ambalo ameamua kuliacha.

Kesho yake alfajiri tulirudi na lile la wastani, Zuhura nimempakata. Likapita kati ya minyaa bila kugusa jani. Uani likageuka likatazama lilikotoka, na kuku hata hawakuhama. Mayu alikuwa hajajiandaa, maana alidhani yamekwisha. Nikamwongoza mpaka mlango wa nyuma, na mguu wake ukafika bila kigoda. Akaanza tena kupapasa. Akapata kiti chake, akapata mlango wake na kitasa chake. Akanyoosha mkono mbele, akakuta mgongo wa kiti cha dereva umesimama kama ukuta.

"Nikikaa hapa, yeye atanipa mgongo njia nzima?"

"Njia nzima, Mayu."

"Basi huyo ni mkwe mwenye adabu," akasema. "Mwambie awashe gari."

Rajabu akawasha gari kabla sijamwambia. Alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

Tuliwahi. Tulikuta foleni inakaribia kufungwa, lakini tuliwahi, na Mayu akapokelewa. Siku waliyomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake, Zuhura yuko begani kwangu, nashindwa hata kuomba dua vizuri. Mayu akapepesa macho. Akanitazama, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye umekonda hivyo, au ni macho mapya haya?" Nikaangua kilio. Kisha akamwona mtoto. Akanyoosha tu mikono yote miwili, na Zuhura akaenda kwake bila kusita, kwa sababu mikono ile alikuwa anaijua.

Ungetuona tukirudi! Mayu alishusha kioo na hakukipandisha tena. Kila mtu barabarani alisalimiwa. Aliwataja watu kwa majina, akakosoa ng'ombe wa watu kwa kukonda, akaona nyumba mpya za bati na kutaka kujua za nani. Tulipoingia njia ya minyaa watu walikuwa wamesikia habari, wamejipanga mpaka uani, na vigelegele vilianza hata kabla hatujasimama. Nikaruka nikamfungulie mlango. Akanizuia kwa kiganja.

"Acha. Nimekiona kitasa."

Akafungua mwenyewe. Akashuka mwenyewe, akasimama wima na kitenge chake, akazunguka ua mzima kwa miguu yake akiukagua, na wanawake wakimfuata nyuma kwa nderemo. Mwenye uzio tuliouvunja naye alikuwepo anapiga makofi. Nimehudhuria harusi nyingi, mwanangu. Sijaona siku ya kushinda ile.

Gari lile la wastani tulikaa nalo mpaka watoto wakakua. Makabati yalisafiri humo bodi ikiwa wazi nyuma, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mbao iliyotokeza, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kila Pasaka Rajabu, Mwislamu safi, alikuwa anampeleka Mayu kanisani na kumsubiri nje kwenye kivuli cha ukuta. Wale wa karakana walimtania mwezi mzima, kisha wakawa wanakuja kuliazima.

Sasa nisikilize. Sikuambii kwamba gari kubwa ni baya. Kama kazi yako ni kuvuta trela la ng'ombe kutoka Igunga, au kusomba tumbaku msimu mzima, nunua kubwa, na asikucheke mtu. Lakini wewe umeniambia ni la familia. Basi usianzie kwenye nguvu ya injini. Nenda na mkeo mkalijaribu kwenye njia mbaya kuliko zote mnazopita, na geti la kwenu, na kona ya pale Chemchem unapoishi. Uliza fundi wako wa hapa hapa kama vipuri vyake vinapatikana bila kuagiza Dar. Fikiria mafuta ya siku ambayo mfukoni hamna kitu. Mzigo mkubwa unakuja mara moja moja, na siku hiyo utakodi lori. Watu wako unao kila siku.

Na kati ya watu hao, mtafute yule atakayepata tabu zaidi kupanda. Mwenye mimba, au mwenye goti bovu, au mkwe mwenye heshima zake. Mpandishe huyo kwanza, kabla hujalipa, halafu mwulize amekaaje. Akikaa vizuri yeye, wengine wote watakaa. Na akikukatalia, usiseme anakurudisha nyuma na mambo ya kizamani. Huyo amekuonyesha mahali uliposahau.

Haya, nenda mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe gari la kwako, na alijaze watu unaowapenda, na safari zenu ziwe za kwenda kupona na kwenda kusherehekea. Na siku itakapofika zamu yako ya kushikwa mkono, akujalie mlango unaoufikia mwenyewe, na dereva atakayekusubiri bila kupiga honi.