Bibi Aliyeingia Kwenye Picha ya Uchumba

Juzi nilikuwa kwenye duka la steshenari mjini Morogoro, nikisubiri kutolewa kopi, wakaingia kijana na mchumba wake. Walitaka kuchapisha kadi za harusi yao, na picha walikuwa wamejipiga wenyewe huko juu Uluguru, simu wameiegemeza kwenye jiwe.

Mwenye duka akazifungua kwenye kompyuta. Karibu zote wamekakamaa, mikono imebana mbavu. Moja tu ndiyo wanacheka, mpaka binti amemshika mwenzake bega asianguke. Lakini nyuma yao amesimama bibi mmoja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Huyu namfuta sasa hivi," akasema mwenye duka.

"Mfute tu," kijana akakubali. "Mama ataniuliza ni nani, na hata sisi hatumjui."

Binti akanyoosha mkono, akaiziba skrini. "Ngoja kwanza, kaka. Alikuwa anapita, tukamwamkia. Akatuambia, 'Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmesimama kama mko msibani?' Ndiyo tukacheka. Sasa ukimfuta, tutaonekana tunacheka nini?"

"Basi abaki," kijana akasema. "Na ututolee kadi moja ya ziada. Jumamosi tunapanda kumtafuta, aje harusini."

Nilipofika nyumbani nikafungua albamu yetu. Sisi tulimkodi mpiga picha, na mimi na mke wangu tumenuna kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.